Kusubu Alumini kwa Shinikizo: Jinsi Kava ya Injini ya Pikipiki Inavyotengenezwa

Chukua kava ya klachi ya pikipiki ya kawaida, ya aina zinazobeba abiria Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, uifute oili kisha uigeuze upande wa ndani. Utaona miduara midogo bapa iliyotapakaa, kila mmoja ukubwa wa kifungo cha shati. Utaona pia mstari mwembamba unaofuata ukingo, na mahali fulani pembeni kovu refu, kana kwamba kitu kilichokuwa kimeshikana hapo kilikatwa. Miduara ile ni mahali ambapo pini za chuma ziliisukuma kava itoke ndani ya kalibu, mstari ni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na kovu ni mlango ambao alumini ya moto iliingilia. Mwongozo huu unafuata safari ya kava hiyo tangu mchoro hadi ukaguzi, kwa ajili ya mwanafunzi wa ufundi, mwenye karakana anayetaka kuagiza vipande vya namna hii, na fundi wa pikipiki ambaye amewahi kujiuliza kwa nini kava hizi zinamsumbua anapozichomelea.

Kusubu si jambo geni kwetu. Sufuria nzito za alumini zinazouzwa masokoni husubiwa katika mchanga: fundi hukandamiza mchanga wenye unyevu kidogo kuzunguka mfano wa sufuria, huutoa mfano, humimina alumini iliyoyeyushwa, kisha huubomoa mchanga na kuanza upya. Metali huingia kwa uzito wake yenyewe, na hewa iliyokuwemo hupenya katikati ya chembe za mchanga. Katika kusubu kwa shinikizo mambo hayo mawili yanageuka. Kalibu ni ya chuma kigumu, hutumika maelfu kwa maelfu ya mara bila kubomolewa, na metali husukumwa ndani yake na pistoni kwa nguvu kubwa na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Faida yake ni kipande chenye kuta nyembamba, vipimo visivyobadilika na uso laini usiohitaji kuchongwa sana. Gharama yake ni kwamba chuma hakipitishi hewa kama mchanga, na hewa isiyotengenezewa njia ya kutokea itabaki ndani ya kava yako. Sehemu kubwa ya maamuzi yatakayoelezwa hapa chini, ukiyachunguza vizuri, ni maamuzi kuhusu hewa hiyo.

Kwanza amua metali, kwa sababu ndiyo inayoamua mashine

Mashine za kusubu kwa shinikizo ziko za namna mbili. Katika ya kwanza, pampu ya kusukumia metali inakaa imezama ndani ya chungu cha metali iliyoyeyuka, na kila pistoni inaposhuka, metali hupanda kwenye shingo iliyopinda na kuingia kwenye kalibu. Mashine hii ni ya haraka sana, na wazo lake linatokana na uchapishaji: mashine ya Linotype ya Ottmar Mergenthaler, iliyoanza kutumika katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, ilikuwa ikisukuma aloi (mchanganyiko wa metali) ya risasi kwenye vikalibu vya herufi kwa pampu iliyozama namna hiyo hiyo. Leo hutumiwa hasa kwa aloi za zinki, zinazoyeyuka karibu na nyuzi 385 za Selsiasi, kutengeneza vitasa, mabomba ya maji yatakayopakwa kromu, zipu na vitu vingine vidogo.

Alumini haifai kwa mashine hiyo. Si joto peke yake linaloikataza, ingawa alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660; tatizo kubwa ni kwamba alumini iliyoyeyuka hula chuma. Pampu ya chuma iliyozamishwa humo mchana kutwa ingeyeyuka polepole na kuichafua metali yote. Kwa hiyo alumini hukaa kwenye tanuri la pembeni, na kwa kila pigo, yaani kila mara kalibu inapojazwa, huchotwa kwa upawa, wa mkono au wa roboti, na kumiminwa katika silinda ya mlalo yenye tundu juu yake, ambako pistoni inasubiri nyuma. Metali hukaa humo sekunde chache tu. Hii ndiyo mashine ya kava yetu.

Aloi inayotumiwa sana kwa kazi hii ni ile inayojulikana kwa jina la kiwango cha Japani, ADC12, yenye silikoni kati ya asilimia 9.6 na 12 pamoja na shaba kati ya asilimia 1.5 na 3.5. Silikoni huifanya alumini itiririke vizuri hadi kwenye kona nyembamba, na hupunguza kusinyaa inapoganda. Anayetoka kwenye kazi ya kuviringisha mabati atashangaa kuona kwamba chuma kidogo, karibu asilimia 0.8 hadi 1, si uchafu katika aloi hii bali hutakiwa kiwemo: alumini ambayo tayari ina chuma ndani yake haina hamu kubwa ya kung'ang'ania uso wa kalibu. Lakini chuma kikizidi, na hasa kikikutana na manganisi na kromu katika tanuri lililoachwa lipoe chini ya nyuzi 650, hutengeneza chembe ngumu zinazotua chini na kuja kuvunja ncha za mashine za kutobolea.

Kalibu, na hesabu zinazotangulia

Kalibu ina nusu mbili. Moja hufungwa kwenye bamba lisilosogea, upande wa silinda ya kumiminia, na nyingine hufungwa kwenye bamba linalokwenda na kurudi. Kava ni lazima ibaki kwenye nusu inayosogea kalibu inapofunguka, kwa sababu pini za kusukumia ziko huko. Ndiyo maana miduara uliyoiona iko ndani ya kava na upande wa nje, unaoonekana na mteja, hauna alama. Alumini inapopoa husinyaa na kuyakumbatia maumbo yaliyojitokeza ya kalibu, basi mchoraji huyaweka maumbo hayo kwenye nusu inayosogea, na kuta zote zinazofuata mwelekeo wa kufunguka huziinamisha kidogo, nyuzi 1 hivi kwa nje na 2 kwa ndani. Ukuta ulionyooka wima kabisa utang'ang'ana, na pini zitatoboa kava badala ya kuitoa. Kusinyaa huko kunaingizwa pia katika vipimo: kwa kuwa ni takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, kava ya milimita 200 huchongewa nafasi ya milimita 201 na ushei.

Kuta zifanye ziwe na unene unaofanana, milimita 2.5 hadi 3.5 kwa kava kama hii, na pale unapohitaji nguvu ongeza mbavu badala ya unene. Sehemu nene huganda mwisho, na wakati huo njia za kuipelekea metali ya kujazia zimekwisha kuganda, kwa hiyo katikati yake hubaki uwazi wenye kingo za kukwaruza. Kila kona ya ndani iwe na mviringo, kwa ajili ya mtiririko wa metali na pia kwa ajili ya kalibu yenyewe, ambayo hupasukia kwenye kona kali.

Sasa hesabu. Mashine huchaguliwa kwa nguvu yake ya kufunga, kwa sababu shinikizo la metali linajaribu kuzitenganisha nusu mbili za kalibu. Tuseme kava yetu, ukiitazama kutoka mbele, inafunika sentimita za mraba 280. Mifereji ya kupitishia metali pamoja na vifuko vya kando vya kupokea metali ya kwanza (tutavieleza chini) vinafunika 80. Na mdomo wa silinda 40. Jumla ni 400. Ikiwa tutakandamiza metali kwa kilo 600 kwa kila sentimita ya mraba, nguvu ya kutenganisha ni kilo 240,000, yaani tani 240. Ongeza asilimia 20 kwa usalama na unafika tani 288, hivyo mashine ya tani 300 haina nafasi ya kupumua na ya tani 350 inatosha vizuri. Kwa kulinganisha, mashine za kampuni ya IDRA ya Italia ambazo Tesla ilianza kuzitumia mwaka 2020 kusubu sehemu ya nyuma ya gari la Model Y ni za tani 6000 hivi. Hesabu yake ni hii hii, eneo tu ndilo kubwa.

Hesabu ya pili ni ya mlango. Metali inayojaza kava na vifuko vyake ni sentimita za ujazo 180, karibu gramu 490. Kuta ni nyembamba na chuma kinanyonya joto upesi, basi nafasi yote ijae ndani ya milisekunde 40. Kasi nzuri ya alumini inapopita mlangoni ni kati ya mita 30 na 60 kwa sekunde. Tukichukua mita 40, eneo la mlango ni 180 kugawanywa kwa 0.04 mara 4000, yaani sentimita za mraba 1.125. Ukifanya mlango uwe na unene wa milimita 1.5, urefu wake unakuwa milimita 75, na ndio urefu wa lile kovu. Mita 40 kwa sekunde ni kilomita 144 kwa saa: alumini haitiririki ndani ya kalibu kama maji ya mfereji, inarushwa kama maji ya bomba lililozibwa kwa kidole, na inachanganyika na kila hewa iliyo mbele yake.

Kwa hiyo mlango ukiwa upande mmoja, pale metali inapofikia mwisho, upande wa pili, panachongwa vifuko vidogo vya kupokea metali ya kwanza iliyokwisha kupoa na kubeba uchafu, na nyuma ya vifuko hivyo panachongwa njia za hewa zenye kina cha milimita 0.1 hadi 0.15. Kina hicho kinaruhusu hewa kupita, lakini alumini huganda kabla haijafika nje. Kazi inayohitaji kutovuja kabisa hutumia pampu ya kufyonza hewa iliyounganishwa na njia hizo. Fundi anayesafisha kalibu akizisahau njia za hewa, zikazibwa na mabaki ya mafuta na vipande vya utando wa alumini, ataharibu zamu nzima huku vipimo vyote kwenye skrini vikionekana sawa.

Chuma cha kalibu huwa cha aina ya H13, chenye kromu asilimia 5 hivi, molibdenamu na vanadiamu, kilichokolezwa hadi ugumu wa 44 hadi 48 kwa kipimo cha Rockwell C. Hata hivyo kinachoka. Kila pigo uso wake hupashwa ghafla na alumini na kupozwa ghafla na dawa inayopulizwa, na baada ya makumi ya maelfu ya mapigo hutokea nyufa za wavu, kama udongo wa bwawa lililokauka, ambazo hujichora kwenye kila kava. Kwa alumini, kalibu iliyotunzwa vizuri hufikia mapigo kama 100,000. Kwa zinki hudumu mara kadhaa ya hapo.

Kuyeyusha bila kuleta maji

Kabla ya kitu chochote kuingia katika tanuri, kiwe kikavu na chenye joto. Huu si ushauri wa kusoma na kupita. Tone la maji lililofungiwa chini ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara elfu kwa nukta moja, na hurusha metali yote iliyo juu yake. Nimewahi kuona upawa ambao mtu aliusuuza kwa nia njema mwisho wa zamu. Aliyeingia asubuhi akauchovya bila kuupasha, na mpaka leo mabati ya paa la karakana ile yana madoadoa ya alumini. Vipande vya aloi vipangwe juu ya ukingo wa tanuri vikauke kwanza, na vyombo vyote vipashwe. Nguo ziwe za pamba nzito au ngozi, kwa sababu nailoni huyeyuka juu ya ngozi ya mtu, na viatu viwe vya kuvuliwa haraka, visivyo na nafasi ambamo metali inaweza kuingia.

Maji yana ubaya wa pili ulio wa kimyakimya. Alumini ya moto huuvunja unyevu, huchukua oksijeni yake kuwa ngozi nyeupe ya juu, na huimeza hidrojeni. Inapoganda haiwezi kuihifadhi ila sehemu ndogo sana ya hidrojeni hiyo, karibu moja ya ishirini, na iliyobaki hutoka kama vitundu. Dawa yake ni kupitisha gesi ya naitrojeni au agoni kupitia kichwa cha grafiti kinachozunguka ndani ya metali, karibu na sakafu ya tanuri: mapovu madogo hupanda yakiwa yameibeba hidrojeni na uchafu mwepesi. Kisha taka za juu huenguliwa taratibu. Shikilia metali kati ya nyuzi 660 na 690. Kuiongezea joto ili "iingie vizuri" ni tabia ya kawaida na mbaya. Metali yenye joto la kupita kiasi humeza gesi zaidi, husinyaa zaidi na huiunguza kalibu. Kama kava haijai, kwanza angalia joto la kalibu.

Pigo lenyewe

Pasha kalibu kwa heta ya oili hadi nyuzi 180 au 200 kabla ya pigo la kwanza. Mwako wa gesi ulioshikwa mkononi hupasha uso tu, tena kwa viraka, na ndio unaozalisha nyufa za mapema. Puliza dawa ya kuzuia kushikana, ambayo huwa imechanganywa na maji mengi, kwa ukungu mwepesi, kisha pulizia hewa kavu mpaka uso usiwe na tone. Maji yaliyobaki kwenye kona yatakuwa mvuke, na mvuke utakuwa tundu.

Kalibu ikishafungwa, mimina alumini kwenye silinda. Pistoni husogea kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ni ya polepole, mita 0.2 hadi 0.4 kwa sekunde, hadi metali ijaze silinda na mifereji na kufika mlangoni. Ukiiharakisha, wimbi hujikunja juu na kufungia hewa nyuma yake; ukiichelewesha mno, metali hupoa na kuunda maganda yatakayoingia katika kava. Mara metali inapogusa mlango, pistoni huruka hadi mita 1 hadi 4 kwa sekunde na kuijaza kalibu. Kisha, ndani ya milisekunde chache, shinikizo hupandishwa hadi zile kilo 600, ili kubana vitundu vya hewa vilivyobaki viwe vidogo na kuongezea metali pale inapoanza kusinyaa. Shinikizo hilo likichelewa, mlango wa milimita 1.5 huwa umekwisha kuganda na unakandamiza bure.

Wakati huo asisimame mtu kwenye mstari wa mwachano wa kalibu. Ikiwa uchafu umezuia nusu mbili zisikutane sawasawa, alumini huchomoka hapo kama risasi, na milango ya kinga ya mashine imewekwa kwa ajili hiyo.

Baada ya sekunde tano hadi nane, kalibu hufunguka, pini husukuma, na kinachotoka si kava peke yake. Ni kava ikiwa na vifuko vyake, mifereji, na kipande kinene cha duara kilichobaki mbele ya pistoni, ambacho waliozoea kazi hii hukiita biskuti. Kitazame kipande hicho kabla ya kuitazama kava. Unene wake uwe milimita 20 hadi 25. Kikiwa chembamba, kiliganda mapema na shinikizo halikufika. Kikibadilika kutoka pigo hadi pigo, upawa hauchoti kipimo kimoja, na hata awamu ya pili itakuwa inaanza mahali tofauti kila mara. Ningeambiwa nichague jambo moja la kumfundisha mtu siku ya kwanza, ningemfundisha kupima biskuti.

Mapigo ya kwanza kumi au zaidi, kalibu ikitafuta joto lake, yarudishwe kwenye tanuri bila majadiliano. Kisha kava hupozwa, hukatwa mifereji na vifuko kwa mashine ya kukatia, na mabaki, ambayo kwa vipande vidogo yanaweza kufikia nusu ya metali yote iliyomiminwa, hukaushwa na kuyeyushwa tena.

Kuikagua, na kuichomelea miaka baadaye

Kata kava chache katikati kwa msumeno na uzing'arishe. Tundu la mviringo lenye kuta laini zinazong'aa ni la gesi: tafuta njia za hewa zilizoziba, dawa iliyozidi, au awamu ya kwanza yenye kasi. Tundu lenye kingo za kukwaruza, katikati ya sehemu nene, ni la kusinyaa, na linahitaji shinikizo au kupunguza unene. Mstari kama mshono juu ya uso, mahali ambapo mikondo miwili imekutana bila kuungana, unaonyesha kalibu ya baridi au kujaza kwa polepole. Uso uliochunika maana yake alumini imeng'ang'ania chuma, mara nyingi pale mlango unapopigia moja kwa moja. Kava zinazozuia oili hujaribiwa pia kwa kuzijaza hewa na kusoma kama shinikizo linashuka.

Kwa hali yoyote gesi kidogo hubaki ndani, imebanwa kwa shinikizo kubwa. Ndiyo sababu vipande vya namna hii kwa kawaida havitiwi katika tanuri la kukoleza la nyuzi 500: metali hulainika, gesi hutanuka, na uso hutoka malengelenge. Na ndilo jambo lile lile analolikuta fundi wa pikipiki anapochomelea kava iliyopasuka, akaona dimbwi la alumini likichemka na kutoa vitundu kama chapati kikaangoni, akadhani ni gesi yake ya agoni iliyo mbovu. Aisafishe kava kwa sabuni kali na kiyeyusho mpaka oili iliyonyonywa na vitundu iishe, achonge ufa wote uwe mfereji badala ya kuupita juu juu, aipashe hadi nyuzi 150 hivi, atumie mkondo geu (AC) na waya wa alumini wenye silikoni, 4043 au 4047, na ashone vipande vifupi. Tabaka la kwanza lenye vitundu alichonge na kulitupa, kisha arudie. La pili huwa tulivu zaidi, kwa sababu gesi ya mahali pale imekwisha kutoka. Ufa ukiwa umepita kwenye kikao cha beringi, anunue kava nyingine.